Usimwambie "vuta pumzi", mwambie "shusha pumzi": mwongozo kamili wa kufundisha wanafunzi kutulia

Kila mwalimu ameshaiona hii. Mtoto yuko kwenye mtihani, karatasi mbele yake, mkono unatetemeka, macho yameshajaa machozi, na sisi tunamsogelea tunamwambia "tulia, vuta pumzi" halafu tunaendelea na mzunguko wetu tukiamini tumemsaidia. Mtoto anavuta. Anavuta tena kwa nguvu zaidi, mabega yanapanda mpaka yanakaribia masikio, na baada ya dakika mbili hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo maana sasa na kizunguzungu kimeongezeka. Nimelifanya hilo kosa kwa miaka na bado linaniuma, kwa sababu kumwambia mtoto "tulia" wakati hajawahi kufundishwa kutulia ni sawa na kumwambia mtoto asiyejua kusoma "soma!" kwa sauti kubwa zaidi.

Na lugha yetu ilishajua siku zote. Mtu akipata habari njema baada ya wasiwasi hatusemi amevuta pumzi, tunasema ameshusha pumzi. Utulivu upo kwenye kushusha. Hilo likikukaa kichwani, nusu ya mwongozo huu umeshaushika.

Kwanza elewa mwili unafanya nini

Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, usikilizie mapigo, halafu vuta hewa polepole na uitoe polepole zaidi. Ukivuta moyo unaenda kasi kidogo, ukitoa unapunguza mwendo. Kuna neva moja ndefu inaitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo inashuka shingoni mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo, na kazi yake mojawapo ni kuuambia moyo upunguze, na inafanya hiyo kazi zaidi pale unapotoa hewa. Ndo maana pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mwili unaanza kushuka wenyewe.

Mtoto aliyepaniki anafanya kinyume kabisa, anapumua juu juu kwa kifua na haraka haraka. Anatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyohitaji, ikipungua kwenye damu mishipa ya kwenye ubongo inasinyaa kidogo, hapo ndo kizunguzungu kinakuja, vidole vinachomachoma kama vimekufa ganzi, midomo nayo hivyohivyo, na mtoto anazidi kuogopa kwa sababu hajui ni nini kinamtokea. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo avute hewa nyingi zaidi unaongeza kuni kwenye moto.

Jambo jingine, sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia tusifanye mambo kwa hasira inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 anayerusha kalamu siyo kwamba "hana adabu" moja kwa moja, breki zake bado zinajengwa, na sisi tunamsaidia kuzijenga.

Hatua ya 1: anza na wewe

Samahani lakini hii huwezi kuiruka. Watoto wanasoma uso wako na sauti yako kabla hawajasikia maneno yako, ukiingia darasani umekunja ndita, unapumua kwa presha, halafu unasema "sasa tutulie wote", watafuata uso. Fanya mazoezi mwenyewe wiki mbili kabla ya kuwafundisha, dakika 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Vuta kwa kuhesabu 3, toa kwa kuhesabu 5 au 6, mdomo umelegea. Akili itasafiri, utajikuta unawaza madaftari ya kusahihisha, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Hiyo kusafiri na kurudi ndo zoezi lenyewe, na usipoipitia mwenyewe hutajua umjibu nini mtoto atakayekwambia "ticha mi siwezi, mawazo yanakuja".

Hatua ya 2: chagua wakati ambao hakuna shida

Hapa ndo wengi tunaharibu. Tunasubiri darasa liwe na vurugu ndo tunasema "haya fungeni macho mpumue", watoto wanaelewa mara moja kwamba kupumua ni adhabu mpya. Fundisha wakati wametulia na wako na furaha, na iwe saa ileile kila siku, mfano mara tu baada ya kurudi kutoka mapumziko au kabla ya somo la kwanza. Kitu kinachofanyika saa ileile hakihitaji kushawishiwa, baada ya wiki mbili tatu wanakukumbusha wenyewe.

Muda uwe mfupi. Kwa wadogo wa miaka 4 hadi 6 dakika moja ni nyingi tayari. Miaka 7 hadi 10 weka dakika 2 au 3, wakubwa wa sekondari dakika 5, na ukiona wanaanza kusukumana kata hapohapo, usiwavute mpaka wachoke. Ni bora waseme "tayari?" kuliko waseme "bado tu?".

Hatua ya 3: waambie miili yao inaongea

Kabla ya pumzi yoyote kaa nao uwaulize, ukikasirika unajua vipi? Siyo "kwa nini umekasirika", uliza mwili unafanya nini. Mmoja atasema masikio yanakuwa ya moto, mwingine tumbo linakaza, mwingine anataka kukojoa, mwingine mikono inajikunja ngumi yenyewe. Chora umbo la mtu ubaoni, kila mmoja aje aweke alama pale anapohisi. Nimeona watoto wakishangaa kabisa kugundua kwamba mwenzao mkali, yule wanayemuogopa, naye tumbo linamuuma kabla ya kusoma mbele ya darasa.

Lengo la hapa ni mtoto aishike ile dalili ya kwanza. Akiweza kusema "ngumi zangu zimeanza" ana sekunde kadhaa za kufanya kitu, lakini akisubiri mpaka ameshalipuka hakuna pumzi itakayomsaidia, pale anahitaji mtu mzima aliyetulia pembeni yake na muda tu.

Hatua ya 4: pumzi ya tumbo

Hii ndo msingi. Kama kuna nafasi walale chali, kila mmoja aweke kitu chepesi juu ya kitovu, mdoli, daftari, hata kifutio. Waambie wakinyanyue hicho kitu polepole kwa tumbo halafu wakishushe polepole zaidi kisianguke. Hamna nafasi? Wakae, mkono mmoja kifuani mmoja tumboni, mkono wa chini ndo utembee, wa juu utulie. Kinachofanyika ndani ni kwamba kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, kinashuka hewa inapoingia na kulisukuma tumbo nje. Watoto wengi wakiambiwa "pumua vizuri" wanalivuta tumbo ndani na kutunisha kifua, kwa hiyo pita taratibu ukiangalia, na usiwaguse bila kuwauliza.

Kaa kwenye hatua hii wiki nzima. Usiwe na haraka ya kuonyesha mbinu kumi, mtoto mwenye mbinu moja iliyomkaa mwilini ni bora kuliko mwenye bango zuri ukutani lenye picha za mbinu zote ambazo hata moja haikumbuki siku akilia.

Hatua ya 5: fundisha kushusha

Sasa urefushe ile ya kutoa. Kwa wadogo usihesabu, tumia picha. Mwambie ashike ua la kufikirika mkono wa kulia na mshumaa wa kufikirika mkono wa kushoto, anuse ua kwa pua, halafu apulizie mshumaa kwa upole sana ili moto ucheze tu bila kuzimika. Hapo kwenye kutouzima ndo siri ilipo, ukimwambia auzime atapuliza "fuuu!" kwa sekunde moja na zoezi limeisha. Mapovu ya sabuni yanafanya kazi hiyohiyo na yenyewe yanamsahihisha, akipuliza kwa nguvu povu linapasuka, akipuliza polepole linakua.

Pumzi ya nyuki wanaipenda kuliko zote: vuta kwa pua, funga mdomo, toa huku unavuma "mmmmm" mpaka hewa iishe. Kuvuma kunalazimisha pumzi iwe ndefu bila mtu kuhesabu chochote, halafu wanahisi mtikisiko kwenye midomo na pua na hiyo inawashikilia akili. Ndiyo, siku ya kwanza watacheka mpaka basi. Waache wacheke, kucheka nako ni kutoa hewa, rudieni tena wakimaliza.

Hatua ya 6: mkono wa vidole vitano

Kama utafundisha kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu wote kifundishe hiki. Mtoto anapanua kiganja kimoja kama nyota, kidole cha shahada cha mkono mwingine kinaanzia chini ya dole gumba kinapanda polepole, hapo anavuta, kikifika juu kinashuka upande wa pili, hapo anashusha. Anaendelea mpaka kidole kidogo, zinakuwa pumzi tano. Ngozi inahisi, macho yanaangalia, pumzi inafuata, yaani akili ina kazi tatu kwa wakati mmoja na nafasi ya wasiwasi inabaki ndogo. Anaweza kufanya chini ya dawati bila mtu kujua, na hilo kwa wakubwa wa miaka 11 kwenda juu ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani, wao wanaogopa kuonekana kuliko wanavyoogopa mtihani wenyewe. Sisitiza tu kwamba kidole kinaposhuka kitembee taratibu kuliko kinapopanda.

Hatua ya 7: kuhesabu, kwa wakubwa tu

Huku nje kuna mbinu nyingi za watu wazima zinazoletwa darasani kama zilivyo. Ile ya mraba ni kuvuta 4, kushikilia 4, kutoa 4, kushikilia 4. Nyingine ni kuvuta 4, kushikilia 7, kutoa 8. Piga hesabu kidogo: ya mraba pumzi moja ni sekunde 16, hiyo ya pili ni sekunde 19. Mtoto mdogo wa shule ya msingi akiwa amekaa kimya anapumua mara 20 hivi kwa dakika, yaani pumzi moja ni sekunde 3, sasa wewe unamwambia arefushe mara tano kwa mkupuo, atahisi anakosa hewa na kukosa hewa ndo kitu kinachotisha kuliko vyote. Kwa wadogo usiwashikishe pumzi kabisa. Kwa vijana wa sekondari mraba unaweza kuingia lakini anza na 3 kwa 3, na anayetaka kuruka sehemu ya kushikilia aruke.

Kuna moja naipenda kwa vijana kwa sababu ni ya haraka. Vuta kwa pua, kabla hujatoa ongeza mvuto mwingine mdogo juu yake, halafu shusha yote polepole kwa mdomo. Mwili unaifanya wenyewe mtu akimaliza kulia, ile kwikwi ya mwisho. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima waliokuwa wanafanya dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja, na kundi la pumzi hii ya kushusha ndo liliboreka zaidi kihisia kuliko makundi mengine, likiwemo la waliokaa wakitazama tu pumzi zao. Kwa mtoto mara mbili au tatu zinatosha, asirudierudie mpaka apate kizunguzungu.

Hatua ya 8: kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye kuwa hapa

Hiki wanachoita maindifulnesi, kiini chake ni kuwa na akili pale ulipo, unaona kinachotokea ndani yako na nje bila kukimbilia kukihukumu. Kwenye hospitali kilianza kutumika sana baada ya mwanasayansi Jon Kabat-Zinn kuanzisha programu yake mwaka 1979 kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na ile ilikuwa kwa watu wazima wenye maumivu sugu na stresi. Shule zilikuja kuichukua baadaye, kwa hiyo ukisoma maelekezo ya kumkalisha mtoto dakika 20 kimya jua chanzo chake ni wapi.

Kwa watoto tumia masikio. Piga kengele ndogo au gonga glasi, waambie wanyooshe mkono sauti inapoisha kabisa kwao. Kila mkono utapanda kwa wakati wake na darasa litakuwa kimya kuliko ulivyowahi kulisikia, bila mtu kusema "shhh". Siku nyingine waambie wataje kimoyomoyo vitu 5 wanavyoviona, 4 wanavyovigusa, 3 wanavyovisikia, 2 wanavyovinusa na 1 wanachokionja. Hiyo ni nzuri pia kwa mtoto ambaye pumzi yenyewe inamtia hofu, maana wapo, na kwao usianze na pumzi.

Wale wasioweza kukaa tuli wape misuli: kunja ngumi kwa nguvu kama unakamua nguo, hesabu 5, achia. Mabega mpaka masikioni, achia. Uso wote ukunje, achia. Au watembee polepole wakihisi nyayo zinavyogusa sakafu. Mtoto mwenye mwili unaochemka hawezi kutulizwa kwa kukalishwa, autumie mwili wake kwanza.

Na kwenye hili la akili kusafiri, usiseme "ondoa mawazo yote", hakuna binadamu anayeweza. Waulize tu wakimaliza, akili yako ilienda wapi? Mmoja atasema nyumbani, mwingine kwenye mpira. Sema "umeiona ikienda, vizuri sana", basi.

Mambo ya kuchunga, na hapa naomba usome taratibu

Macho kufungwa ni hiari, siku zote. Mtoto aliyepitia ukatili au msiba mzito, kufunga macho chumbani na watu kunaweza kumrudisha kulekule, mwambie achague doa moja sakafuni alitazame. Asiyetaka kushiriki kabisa aruhusiwe kuchora kimya, sharti ni moja tu, asiwasumbue wenzake. Mwenye pumu asishikishwe pumzi wala kupuliza kwa nguvu, na akibanwa ni dawa yake na mtu mzima haraka, usimfanyishe zoezi. Yeyote akisema kichwa kinazunguka, aache na apumue kawaida.

Usilitumie kama adhabu wala kama njia ya kunyamazisha darasa. Na kubwa kuliko zote, usilitumie kufunika tatizo la kweli. Mtoto anayeonewa kila siku na wenzake hahitaji kufundishwa kulivumilia kwa pumzi nzuri, anahitaji uonevu ukome. Mwenye njaa anahitaji kula. Akiwa halali, anajiumiza, anazungumzia kufa, au amejitenga wiki kadhaa, hiyo siyo ya pumzi tena, siku hiyohiyo mpeleke kwa mshauri wa shule au mtaalamu wa afya na mzazi ahusishwe, isipokuwa una sababu ya kuamini madhara yanatoka nyumbani, hapo fuata taratibu za ulinzi wa mtoto.

Tuseme ukweli pia kuhusu matokeo. Uingereza ulifanyika utafiti mkubwa unaitwa MYRIAD, matokeo yakatoka 2022, zaidi ya wanafunzi 8,000 kwenye shule zaidi ya 80, na walichokuta ni kwamba kuwafundisha wanafunzi wote maindifulnesi kupitia walimu wao hakukuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya stadi za kijamii na hisia. Wanafunzi wengi nje ya kipindi walikuwa hawafanyi mazoezi. Mimi hilo halinikatishi tamaa, linanionyesha pa kukaza: kipindi cha kulazimishwa kilichoandikwa kwenye ratiba hakimgusi kijana, ila kitu kidogo anachokichagua mwenyewe na kukifanya kila siku kinaweza kumsaidia. Kwa hiyo usiahidi wazazi kwamba alama zitapanda, ahidi kwamba mtoto atajua kitu cha kufanya na mwili wake ukimchachamalia.

Hatua ya 9: kuipeleka kwenye maisha yenyewe

Wiki ya tatu au ya nne hivi, anzeni kuigiza. Wawili wanagombania kalamu, wasimame, mmoja aonyeshe dalili ya kwanza na mkono wa vidole vitano kabla hajajibu. Kabla ya jaribio dogo la dakika kumi, darasa zima pumzi tatu za kushusha, halafu ndo wageuze karatasi. Tengeneza kona moja darasani yenye mkeka na mapovu ya sabuni, mtoto aende mwenyewe akihisi anahitaji, dakika chache anarudi, hakuna anayempeleka na hakuna anayemcheka. Wiki ya kwanza wataijaza kwa sababu ni kitu kipya, usiifunge, itapungua yenyewe.

Siku mtoto amelipuka kweli, usifundishe chochote. Shuka uwe chini ya usawa wa macho yake, punguza maneno, shusha sauti, halafu anza wewe kupumua kwa kusikika, polepole, bila kumwambia afuate. Mara nyingi atafuata. Asipofuata, kaa tu.

Wazazi nao waandikie mapema barua fupi kwa lugha ya kawaida, ueleze kwamba ni mazoezi ya kupumua na kusikiliza, siyo ibada ya dini yoyote, na uwaalike waje wakae kipindi kimoja waone. Mzazi mwenye wasiwasi msikilize mpaka mwisho, na akikataa heshimu, mtoto wake achore. Wanaokubali waombe kitu kimoja tu: mtoto amwonyeshe mzazi ule mkono wa vidole vitano kabla ya kulala, yeye mtoto awe mwalimu, na mzazi asimsahihishe.

Kujua kama inashika, usitafute darasa lililo kimya. Tazama vidole. Siku utapita kati ya madawati wakati wa mtihani uone kidole cha shahada kinapanda na kushuka chini ya meza, mtoto hajui kama unamwona, pita kama hujaona.